Nkunganire: jinsi ruzuku ya mbolea na mbegu inavyolipwa Rwanda, na inavyomgusa msafirishaji

KIGALI – Mbolea ya msimu mkuu wa kilimo nchini Rwanda lazima iwe imefika maghalani kabla mvua za Septemba hazijaanza. Ndiyo maana katikati ya mwaka malori mengi yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kupitia Rusumo huwa na mzigo wa aina moja: DAP, urea na NPK. Sehemu kubwa ya mzigo huo huuzwa kwa mkulima chini ya gharama yake halisi, na tofauti hulipwa na serikali. Mpango huo unajulikana kama nkunganire, neno la Kinyarwanda lenye maana ya kuunga mkono.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, nkunganire si habari ya wakulima peke yao. Ruzuku hiyo huamua bei ya rejareja, wakati wa kusafirisha, nani anaruhusiwa kuuza, na muda ambao muagizaji atasubiri fedha zake. Aidha huamua kama mifuko iliyomo ndani ya lori ni bidhaa halali au ni magendo, jambo ambalo madereva wengi hulifahamu baada ya kusimamishwa.

Ruzuku bila fedha mkononi

Watu husema serikali "inawalipa wakulima". Usemi huo unapotosha. Katika nkunganire mkulima hapokei hata faranga moja. Analipa sehemu yake ya bei dukani kwa wakala wa pembejeo na kuchukua mbolea. Sehemu iliyobaki ni deni la serikali kwa kampuni iliyoleta au kusambaza mbolea hiyo. Kwa hiyo malipo ya ruzuku yanapochelewa, mkulima anaweza asijue kabisa, kwani tayari amepanda. Anayejua ni muagizaji mwenye mkopo benki, na baada yake msafirishaji ambaye ankara yake bado iko mezani.

Utaratibu huu unatofautiana na ule wa Ulaya au Marekani, ambako serikali huingiza fedha moja kwa moja kwenye akaunti ya mkulima kulingana na ekari zake au zao lake. Nchi nyingi za Afrika zimechagua ruzuku ya pembejeo, na sheria za Shirika la Biashara Duniani zinairuhusu. Kifungu cha 6.2 cha Mkataba wa Kilimo kinaziachia nchi zinazoendelea kutoa ruzuku ya pembejeo kwa wakulima wa kipato cha chini bila kuihesabu katika viwango vinavyotakiwa kupunguzwa.

Ilikoanzia

Mwaka 2003 wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana mjini Maputo kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Juni 2006 mjini Abuja waliweka lengo la kufikia kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta ifikapo 2015. Rwanda wakati huo ilikuwa mbali sana na lengo hilo. Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba mwaka 2006 wakulima wake walitumia wastani wa kilo 4 tu kwa hekta, katika nchi yenye mashamba madogo, milima mikali na udongo unaosombwa na mvua kila mwaka.

Machi 2007 Rwanda ikawa nchi ya kwanza kutia saini makubaliano ya kitaifa chini ya mpango wa kilimo wa Umoja wa Afrika, CAADP. Septemba mwaka huo huo ikaanzisha Mpango wa Kuongeza Uzalishaji wa Mazao, unaofahamika kwa kifupi CIP. Mazao sita yalipewa kipaumbele: mahindi, ngano, mpunga, viazi mviringo, maharage na muhogo. Wakulima walihimizwa kuunganisha mashamba yanayopakana na kupanda zao moja, kila eneo na zao lake. Sera hiyo ilileta mavuno, lakini pia ililalamikiwa na watafiti na baadhi ya wakulima waliosema kwamba mtu hakuachiwa nafasi ya kuchagua apande nini katika shamba lake.

Mwanzoni serikali yenyewe ndiyo iliyoagiza mbolea kutoka nje kwa wingi, kisha ikaiuza kwa mnada kwa wasambazaji binafsi. Mkulima wa mahindi au ngano alipata vocha iliyopunguza bei kwa nusu. Mbegu bora za mahindi na ngano ziliingizwa kutoka nje, zikiwemo za Kenya na Tanzania, na serikali ikabeba gharama yake.

Mwaka uliofuata, 2008, bei ya DAP katika soko la dunia ilipita dola 1,000 kwa tani. Mpango mchanga kama ule ungeweza kufa pale pale. Haukufa kwa sababu hazina ya serikali, ikisaidiwa na wafadhili, ilikubali kubeba tofauti. Kufikia 2013 matumizi ya mbolea yalikuwa yamepanda hadi karibu kilo 30 kwa hekta. Mpango mkakati wa nne wa kilimo, PSTA 4, uliweka lengo la kilo 75 ifikapo 2024.

Lakini mafanikio hayo yaliacha deni. Katika miaka ya mwanzo mbolea nyingi ilitolewa kwa mkopo, mkulima akiahidi kulipa baada ya mavuno. Wengi hawakulipa. Baadhi ya wasambazaji walikusanya fedha na kutozirudisha, na orodha za wadaiwa hazikulingana na watu waliokuwepo vijijini. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilirudia suala la madeni ya mbolea mwaka baada ya mwaka. Somo walilolichukua maofisa ni kwamba mkulima alipe sehemu yake kwanza, ndipo apewe mfuko.

Kuanzia 2013 uagizaji ulikabidhiwa kwa kampuni binafsi. Kiwango cha ruzuku nacho kilishushwa hatua kwa hatua, kwa nia ya kuliacha soko lisimame lenyewe. Katikati ya muongo wa 2010 kampuni ya APTC iliingia katika usambazaji na kuwa mhusika mkubwa. Tubura, jina ambalo shirika la One Acre Fund linatumia Rwanda, imekuwa ikihudumia wakulima wadogo kwa mikopo inayolipwa kidogo kidogo.

Kutoka vocha ya karatasi hadi simu

Vocha za karatasi zilikuwa na udhaifu unaojulikana na kila aliyewahi kuzishika: zinapotea, zinauzwa, zinaghushiwa. Mwaka 2017 ulianzishwa mfumo wa kielektroniki uitwao Smart Nkunganire, uliotengenezwa na BK TecHouse, kampuni tanzu ya kundi la Bank of Kigali, kwa ushirikiano na Bodi ya Kilimo na Mifugo ya Rwanda, RAB.

Kwa ufupi, mkulima huandikishwa kwa namba yake ya kitambulisho cha taifa, ukubwa wa shamba na zao analotaka kupanda msimu huo. Anaweza kujiandikisha kwa simu ya kawaida, au asaidiwe na mkulima mhamasishaji wa kijiji chake. Hawa wahamasishaji ni sehemu ya mpango wa ugani wa Twigire Muhinzi, na kila kijiji kina wake. Mfumo hukadiria kiasi cha mbolea na mbegu anachostahili. Afisa kilimo wa sekta huthibitisha taarifa. Mkulima hulipa sehemu yake kwa wakala, wakala hukabidhi bidhaa na kuingiza mauzo katika mfumo, na rekodi hiyo ndiyo inayotumika kudai sehemu ya serikali.

Tuchukue mfano. Mkulima wa Nyagatare ana shamba la mahindi la nusu hekta. Ikiwa ushauri wa kitaalamu ni kilo 100 za DAP na kilo 100 za urea kwa hekta, mfumo utamruhusu kilo 50 za kila aina. Akitaka kilo 80 kwa bei ya ruzuku hatazipata, hata kama ana fedha. Hapa ndipo msambazaji mwenye akili anapopata taarifa ambayo haikuwepo zamani: kabla ya msimu kuanza anaweza kujua ni tani ngapi zimeandikishwa katika kila wilaya, na kupanga malori kwa hesabu badala ya kubahatisha.

Hata hivyo mfumo hauwezi kuwa mwaminifu kuliko watu wanaoujaza. Shamba linaweza kuongezewa ukubwa. Mkulima hewa anaweza kuandikwa kwa kitambulisho cha jirani aliyehamia Kigali. Wakala anaweza kurekodi mauzo ambayo hayakufanyika, akachukua mifuko na kuiuza kwa bei ya soko. Mashine hurahisisha kugundua mambo hayo, kwani namba ya kitambulisho na jina la wakala hubaki kwenye rekodi. Zamani ushahidi ulikuwa karatasi iliyolowa mvua.

Bei, na nani anabeba riba

Kabla ya kila msimu Wizara ya Kilimo na Mifugo hutangaza bei ya juu ya rejareja kwa kila aina ya mbolea pamoja na kiwango cha ruzuku. Bei ya Rwanda hutajwa kwa kilo, tofauti na Tanzania na Kenya ambako watu huhesabu kwa mfuko wa kilo 50. Tofauti hiyo ina sababu: mashamba mengi ya Rwanda ni chini ya hekta moja, na mkulima anaweza kuja dukani kununua kilo 7.

Ndani ya bei hiyo kuna gharama ya meli, bandari, lori, ghala, faida ya msambazaji na faida ya wakala. Faida ya wakala ni ndogo na imewekewa kikomo. Kwa maoni yangu hapa ndipo mpango una kasoro yake kubwa. Wakala wa Rwamagana, kando ya lami, na wakala wa sekta ya milimani Nyamagabe au Rutsiro hawana gharama moja. Wa milimani hulipia pikipiki au gari dogo kufikisha mifuko mahali lori lisikofika. Asipoongezewa ataagiza kidogo, ataagiza kwa kuchelewa, au atafunga duka. Mkulima wa eneo hilo atakuwa na haki ya ruzuku katika simu yake na hatakuwa na mbolea ya kununua.

Suala la pili ni muda. Tuseme muagizaji ameleta tani 1,000 za mbolea ambayo gharama yake kamili ni faranga 1,000 kwa kilo, na serikali inabeba asilimia 40. Hizi ni namba za mfano tu. Wakulima watalipa faranga milioni 600, na milioni 400 zitakuwa deni la serikali. Kama benki inamtoza riba ya asilimia 16 kwa mwaka na malipo yakachelewa miezi mitatu, riba ya hizo milioni 400 ni faranga milioni 16. Maana yake ni faranga 16 katika kila kilo. Kwenye biashara ambayo bei yake imewekewa kikomo, faranga 16 zinaweza kuwa faida yote.

Muagizaji mwenye mtaji mkubwa atavumilia. Mdogo hatavumilia, na hii ni sababu mojawapo ya wauzaji wakubwa wa mbolea kuwa wachache. Msafirishaji anayekubali kulipwa "ruzuku ikitoka" naye amekuwa benki bila kujijua. Mikataba mizuri hutenganisha mambo hayo mawili: nauli hulipwa kwa tarehe baada ya kushusha mzigo, bila kutaja malipo ya serikali mahali popote.

Mwaka 2022 ulikuwa mtihani. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwezi Februari, bei ya urea na ya DAP katika soko la dunia zilipita dola 900 kwa tani kufikia Aprili. Urusi na Belarus ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbolea duniani. Serikali ya Rwanda iliongeza ruzuku ili kupunguza makali, lakini bei kwa mkulima ilipanda hata hivyo. Bei zilishuka baadaye, bila kuondoa fundisho kwa waagizaji: aliyenunua meli nzima bei ikiwa juu aliuza bei ikiwa imeanza kuteremka.

Barabara

Rwanda haina bahari wala reli. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigali ni karibu kilomita 1,500 kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Kahama na Rusumo. Kutoka Mombasa ni karibu kilomita 1,700, kupitia Malaba na Uganda, kisha Gatuna au Kagitumba. Mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019 kutokana na mgogoro wa kisiasa kati ya Rwanda na Uganda, na ulifunguliwa tena Januari 31, 2022. Waliokuwa na mizigo wakati ule wanakumbuka mzunguko wa Mirama Hills na Kagitumba.

Kwa mbolea, njia ya Dar es Salaam imekuwa na nguvu zaidi. Daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha cha Rusumo vilizinduliwa Aprili 2016 na Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame. Hapo dereva huhama upande, kwa kuwa Tanzania huendesha kushoto na Rwanda kulia. Chini ya Himaya Moja ya Forodha, iliyoanza kutekelezwa 2013 na 2014, nyaraka za mzigo hushughulikiwa mzigo ukiwa bado bandarini, na mpakani hubaki ukaguzi.

Fikiria gharama. Lori lenye tani 28 kwa nauli ya mfano ya dola 3,000 linamaanisha dola 107 kwa tani. Ikiwa urea ilinunuliwa dola 400 kwa tani, barabara peke yake imeongeza zaidi ya robo ya bei ya bidhaa. Hakuna fomula ya ruzuku inayoweza kupuuza hilo. Siku mbili za foleni ya mizani au bandari hazionekani katika bajeti ya Wizara ya Kilimo, lakini mwishowe zinaingia ndani ya bei ambayo wizara hiyo hiyo inaifidia.

Tatizo jingine ni lori kurudi tupu au na mzigo mwepesi. Rwanda inauza nje kahawa, chai na madini, ambayo uzito wake ni mdogo ukilinganisha na mbolea, saruji, nafaka na mafuta yanayoingia. Nauli ya kwenda kwa hiyo hubeba pia sehemu ya kurudi. Aidha mbolea ya Tanzania yenyewe huingia kwa wingi nusu ya pili ya mwaka, hivyo meli za nchi mbili hugombea gati moja katika miezi ile ile.

Uzito nao usisahaulike. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari lenye ekseli saba. Mbolea iliyopata unyevu huongezeka uzito na kuganda, na kwa hali zote mbili mwenye lori ndiye anayeulizwa. Turubai bovu limewahi kugharimu zaidi ya nauli ya safari.

Kiwanda cha Bugesera

Mwaka 2023 Rwanda ilizindua kiwanda cha kuchanganya mbolea katika eneo la viwanda la Bugesera, kusini mwa Kigali. Kiwanda hicho cha Rwanda Fertilizer Company ni ubia na kampuni ya OCP ya Morocco, na uwezo wake ni tani 100,000 kwa mwaka. Hakitengenezi mbolea kutoka gesi au mwamba wa fosfeti. Kinachanganya malighafi zilizoagizwa nje ili kupata mchanganyiko unaofaa udongo na zao la eneo fulani.

Kwa msafirishaji hilo lina maana mbili. Kwanza, tani hazipungui, kwa sababu malighafi bado zinatoka baharini. Kiwanda kikifanya kazi kwa uwezo wake wote kitahitaji malori 3,300 hadi 3,600 kwa mwaka kwa tani 28 hadi 30 kila moja. Pili, mahali pa kushusha pamebadilika. Mzigo uliokuwa unaishia maghala ya Kigali unaelekea Bugesera, na barabara ya Ngoma–Bugesera–Nyanza ilijengwa ili malori ya kutoka Rusumo yasilazimike kupita katikati ya jiji.

Jiografia ya jambo hili inachekesha kidogo. Lori likivuka daraja la Rusumo linakuwa tayari ndani ya wilaya ya Kirehe, ambako wakulima wa mahindi na mpunga wanaisubiri mbolea hiyo. Litapita mbele ya mashamba yao kwenda Bugesera, mzigo utachanganywa na kufungwa upya, kisha gari jingine litaurudisha Kirehe. Wenye malori madogo ya ndani hawalalamiki.

Upande wa mbegu hali ni tofauti, na soko limepungua. Rwanda ilipanua uzalishaji wake wa mbegu bora za mahindi, soya na ngano katika nusu ya pili ya muongo wa 2010 ili kuacha kuziagiza nje. Kampuni za Kenya na Tanzania zilizozoea zabuni za mbegu za mahindi zililazimika kutafuta ubia wa kuzalisha ndani ya nchi.

Majirani nao wana ruzuku zao

Hatari ya ruzuku katika eneo lenye mipaka mingi ni kwamba bei hubadilika ghafla kila unapovuka mto. Tanzania ilikuwa na mpango wa vocha wa NAIVS kuanzia 2008 hadi 2014, ulioungwa mkono na Benki ya Dunia na kufikia kaya zipatazo milioni 2.5. Ulipokwisha baadhi ya wasambazaji na mawakala walibaki wakidai. Agosti 8, 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku mpya mjini Mbeya, iliyotengewa shilingi bilioni 150. Mfuko wa DAP au urea uliokuwa ukiuzwa zaidi ya shilingi 120,000 ulishushwa hadi 70,000 kwa mkulima aliyeandikishwa. Haikupita muda mrefu mamlaka zikaanza kutangaza kuwakamata watu waliojaribu kuivusha mbolea hiyo nje.

Kenya ilishusha mfuko wa kilo 50 hadi shilingi 3,500 Septemba 2022, na hadi 2,500 mwaka 2023. Mwaka 2024 ikapata kashfa ya mbolea bandia iliyouzwa kupitia maghala ya serikali. Uganda ilijaribu vocha ya kielektroniki kuanzia 2018: serikali ilibeba asilimia 67 mara ya kwanza, 50 mara ya pili na 33 mara ya tatu, kisha mkulima aachwe ajitegemee. Burundi ina mpango wake tangu 2012, ambao humtaka mkulima alipe sehemu mapema, na tangu 2019 mbolea yake ilitegemea zaidi kiwanda cha FOMI. Mashariki mwa Kongo hakuna ruzuku ya kulinganishwa na hizi, na mkulima hununua kwa bei ya soko.

Kwa hiyo shinikizo la magendo huelekea palipo na bei kubwa au uhaba. Kutoka Rubavu hadi Goma ni mwendo wa miguu, na hali ni hiyo hiyo kati ya Rusizi na Bukavu. Mfuko wa kilo 25 unabebeka kichwani. Kisheria hali iko wazi: mbolea yenye ruzuku imekusudiwa shamba lililoandikishwa ndani ya Rwanda, na kuiuza nje ni kosa hata kama aliyeinunua aliilipia sehemu yake. Mfanyabiashara wa Goma anayeuziwa mbolea Rubavu kwa bei inayofanana na ya ruzuku aelewe ananunua nini. Anayetaka mbolea ya Kongo kihalali anaweza kuipitisha Rwanda kama mzigo wa transiti, wenye dhamana ya forodha na lakiri, bila kuuchanganya na mzigo wa soko la ndani katika ghala moja.

Nyaraka kabla ya kupakia

Katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki mbolea hutozwa asilimia sifuri, na Rwanda imesamehe pembejeo za kilimo kodi ya ongezeko la thamani. Watu wengine hudhani basi hakuna karatasi. Zipo. Sheria namba 30 ya mwaka 2012 inasimamia kemikali za kilimo, na kibali cha kuingiza mbolea hutolewa na RICA, mamlaka ya ukaguzi, ushindani na ulinzi wa mlaji. Maombi na tamko la forodha hupitia dirisha moja la kielektroniki linaloendeshwa chini ya Mamlaka ya Mapato ya Rwanda. Cheti cha uchambuzi wa virutubisho kiwe kinalingana na maandishi ya mfuko: NPK 17-17-17 iwe hivyo maabara pia. Mzigo unaokwama kwa sababu ya cheti hukwama Rusumo au ghala la forodha, na siku za kusubiri huhesabiwa kwa dola.

Kalenda ni rahisi kuikumbuka. Msimu A huanza Septemba na kuvunwa hadi Februari. Msimu B huanza Machi. Msimu C ni wa mabondeni, kuanzia Julai, na huhitaji kiasi kidogo. Meli ya msimu A inapaswa kuwa imeanza kushusha Dar es Salaam si zaidi ya Julai, ili kubaki na nafasi ya kufungasha, kusafirisha, kuchanganya na kufikisha kwa wakala. Meli ya mwisho wa Agosti huwa imeshachelewa kwa mbolea ya kupandia, ingawa urea ya kukuzia bado ina nafasi, kwani huwekwa wiki kadhaa baada ya mbegu kuota.

Upande wa kusini soko limefungwa kwa sababu nyingine kabisa. Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024, na aliyezoea kupeleka pembejeo Kirundo au Kayanza kutoka Kigali alilazimika kupeleka kupitia Tanzania, kwa njia ya Kabanga na Kobero.